Ustadi wa Kunyima

Mche mrefu kuliko yote kitaluni, wenye majani mapana na shina laini linalong'aa, huchukuliwa na mgeni na kuachwa na mwenyeji. Simama pembeni ya kitalu cha barabarani hapa Kolandoto, Shinyanga, mwezi wa Novemba, hutachelewa kuliona hilo. Kijana aliyeshuka kwenye bodaboda ananyoosha kidole kwenye mwembe uliowapita wenzake kimo, analipa, anaondoka. Mama aliyekuja na beseni hana haraka. Anachuchumaa. Anainua kiriba na kutazama kitako chake, kama mizizi imetoboa plastiki na kujichimbia ardhini. Analibana shina kwa vidole viwili kupima ugumu wake. Anausogeza mche mbali na wenzake aone kama unasimama wenyewe au ulikuwa umeegemea. Hapo ndipo anauliza bei, na mche anaouulizia mara nyingi ni mfupi, una majani machache ya kijani kilichokomaa, na shina lake limeanza kuchukua rangi ya udongo.

Nimejizoeza kuitazama miche kwa macho ya mama huyo, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kumheshimu anayeikuza. Mbegu ikipata unyevu na joto huota yenyewe. Kazi ya mtunza kitalu huanza baada ya hapo: kuuandaa mche kwa maisha ambayo hautakuwa na mtu wa kuumwagilia kila jioni. Na njia yake kuu, ukiichunguza kwa makini, ni kunyima. Anaunyima kivuli, anaunyima maji, anaunyima hata nafasi ya kuteremsha mizizi, kila kitu kwa wakati wake na kwa kipimo.

Bustani za Ulaya huamka mwezi wa Machi na Aprili, baridi ikiachia. Sisi mwaka wetu hufunguliwa na mvua. Kuanzia Juni hadi Oktoba, Kolandoto ni vumbi, nyasi zilizokatika, na upepo wa mchana unaopeperusha mabua ya pamba shambani. Kisha, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, mikrismasi inawaka maua mekundu kwenye nyua za nyumba kabla hata tone halijadondoka, na watu wanaanza kuangalia upande wa ziwa kama mawingu yanajikusanya. Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 900 hivi kwa mwaka, msimu mmoja tu, hadi Aprili au Mei mwanzoni. Na ndani ya msimu huo huo, Januari au Februari, mbingu zina tabia ya kufunga kwa wiki kadhaa, jua likachoma kama vile mvua haikuwahi kunyesha. Mche uliopandwa Desemba hukutana na mtihani wake wa kwanza hapo. Mtihani wa pili ni kiangazi kizima kinachofuata.

Ndiyo maana vitalu vinavyochangamka wiki hizi, kando ya barabara inayotoka mjini Shinyanga kuelekea Mwanza, karibu na hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, ni mahali pa kujifunzia. Nenda asubuhi, kabla wateja hawajajaa, ukakae kwenye kigoda chini ya chanja ya nyasi. Mwenye kitalu akikuzoea atakuacha utazame.

Kazi yake ilianza zamani, wakati wewe hufikirii miti. Udongo wa juu ulichukuliwa chini ya migunga, samadi ilirundikwa mapema hadi ikaoza na kupoa kabisa, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi na huita mchwa. Mchanga wa mtoni ukaongezwa ili maji yasituame. Mchanganyiko ulichekechwa, ukajazwa kwenye viriba kwa mkono, kila kimoja kikigongwa chini mara mbili ili kusibaki mfuko wa hewa katikati. Mstari wa viriba ukikaa vizuri, huwezi kuusukuma kwa mguu.

Miche inapokuwa michanga huishi chini ya chanja, hunyweshwa kwa keni asubuhi na jioni. Wiki sita hivi kabla ya mvua, mambo hubadilika. Kwanza nyasi za chanja hupunguzwa, wiki hii konzi moja, wiki ijayo nyingine, mpaka jua linafika chini kwa mabaka, kisha kwa mapana. Halafu maji hupunguzwa: mara moja kwa siku, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana. Mwenye kitalu hupita saa nane mchana, jua likiwa kali, kutazama majani. Yakilegea kidogo na kurudi jioni, ni sawa. Yasiporudi hadi asubuhi, amezidisha. Hana kipimo kingine zaidi ya macho yake na kumbukumbu ya miaka iliyopita. Na kila baada ya wiki mbili tatu huinua viriba kimoja kimoja, akikata kwa mkasi mizizi iliyochungulia chini. Mzizi uliokatwa hulazimika kutoa matawi ndani ya kiriba, na mche unaouzwa hubeba furushi zima la mizizi badala ya mzizi mmoja mrefu ambao ungekatikia ardhini siku ya kung'olewa. Mama anayetazama kitako cha kiriba anakagua kazi hii. Anajua kwamba mche mrefu, laini, wa kijani kibichi, ni mche uliodekezwa.

Lakini mkono wa fundi huonekana zaidi kwenye kubebesha miembe. Hapa anahitaji mimea miwili. Wa chini ni mwembe wa kienyeji, ule wa maembe madogo yenye nyuzi, unaozijua shida za udongo wetu. Kokwa lake halina subira. Likikaa wiki chache hupoteza uhai, hivyo hukusanywa msimu wa maembe wenyewe, hukatwa ganda kwa mkasi, na kiini hulazwa kwenye kiriba mgongo wake ukiangalia juu. Baada ya miezi kadhaa shina hufikia unene wa penseli. Wa juu ni kikonyo kutoka kwenye mti mama wa aina inayotafutwa sokoni: Apple, iliyoanzia pwani ya Kenya, au Keitt, Kent na Tommy Atkins, zilizochaguliwa Florida, Marekani, katika karne ya 20. Mwembe wenyewe kwetu ni mgeni wa zamani. Ulifuata njia za misafara hadi Tabora, na kutoka huko vivuli vyake vikaenea bara.

Wiki moja au siku kumi kabla ya kubebesha, mwenye kitalu huenda kwenye mti mama na kuyakata majani ya ncha za matawi aliyoyachagua, akibakiza vishikizo vyake tu. Tawi lililonyimwa majani huanza kuvimbisha chipukizi la nchani. Likivimba bila kufunguka, siku imewadia. Hukata vikonyo vya urefu wa kiganja, huvifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, na kuvirudisha kitaluni kabla jua halijapanda.

Nimemtazama akifanya. Anakaa, anaweka mche kati ya magoti. Anaufuta wembe kwa spiriti. Anakata kichwa cha shina la kienyeji kwa pigo moja, shibiri moja kutoka kwenye udongo, kisha anapasua katikati kuteremka chini, kiasi cha upana wa vidole viwili. Kikonyo anakichonga pande mbili kiwe kabari, pigo moja kila upande. Akirudia pigo, uso unakuwa na mawimbi na hautakutana vizuri na mwenzake. Uso uliokatwa haugusi kwa kidole. Anaichomeka kabari kwenye mpasuo na hapo ndipo macho yake yanapokaribia: anaisogeza hadi gome la kikonyo lilingane na gome la shina, angalau upande mmoja. Kinachoungana ni utando mwembamba wa kijani ulio chini ya gome. Mti wa katikati hauungani na kitu. Shina likiwa nene kuliko kikonyo, ukikiweka katikati kwa sababu kinapendeza, umekiua. Anafunga kwa ukanda wa plastiki kuanzia chini kwenda juu, akiuvuta, kisha anakivisha kikonyo kifuko chembamba cha kugandishia barafu ili unyevu usitoke, na kukifunga chini.

Baada ya hapo hafanyi chochote, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Wiki tatu, nne, mche unakaa kivulini ukiwa na kofia yake ya plastiki, na huwezi kujua kwa hakika kinachoendelea humo ndani. Vijana wanaojifunza kazi, anasema, hawashindwi na kisu. Hushindwa na wiki hizi. Wanafungua kuchungulia. Hewa kavu inaingia, kikonyo kinanyauka. Yeye husubiri mpaka chipukizi lenyewe lianze kusukuma kifuko kutoka ndani.

Mche uliobebeshwa huuzwa mara kadhaa ya bei ya mche wa mbegu, na wateja wengine hushtuka. Tofauti yake ni muda. Mwembe wa mbegu unaweza kukuchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuona embe, na embe lenyewe huwa halina uhakika. Uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Tena ukitaka mti wenye nguvu, maua yanayotangulia huyatoa kwa mkono. Wateja wachache hukubali ushauri huo kwa moyo mweupe.

Kununua miche hapa ni safari ya familia. Kuna familia moja ya jirani ambayo huja kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya mvua iliyolowesha kweli, wakitoka kanisani na nguo zao nzuri. Baba huelekea moja kwa moja kwenye miti ya kivuli na mbao: mjohoro, mwarobaini, mgrivea. Mama hutafuta matunda, na mipapai huinunua mitatu mitatu, apande shimo moja, asubiri maua, kisha ang'oe madume. Bibi hana muda na vya kisasa. Anataka mlonge wa mboga na mkwaju, ingawa anajua mkwaju huo wataula wajukuu. Na mtoto anayetarajia kuanza darasa la kwanza Januari huchagua mche wake mwenyewe, bila kuingiliwa. Mwaka jana mmoja alichagua bogonvilia kwa sababu ya rangi, baba akakunja uso, bibi akamzuia. Mti wa mtoto hauna mjadala. Atakayeumwagilia ni yeye.

Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, kila mtu huja na chombo chake: beseni, ndoo, kiroba kilichopasuliwa. Anayekwenda mbali kwa bodaboda hufungiwa miche yake ndani ya gunia lililoloweshwa, majani yakiwa ndani, kwa kuwa upepo wa barabarani hukausha majani ndani ya nusu saa zaidi ya jua la siku nzima. Wapo pia wanaume wanaorudi kutoka machimbo ya Nyarugusu na kwingineko mkoani Geita, ambako miti hukatwa iwe matimba ya kushikilia kuta za maduara. Mmoja niliyemkuta alinunua miche hamsini ya mjohoro, akaipanga kwenye toroli mwenyewe, na hakumruhusu mtu mwingine aishike.

Mwenye kitalu humuuliza kila mteja swali kabla ya kumuuzia, na swali hilo limenifundisha zaidi ya mengine yote.

"Mwadila, mayu. Unapanda wapi?"

"Kule bondeni, karibu na mfereji."

"Udongo mweusi?"

"Mweusi. Nataka parachichi. Nasikia lina bei."

"Parachichi sikuuzii."

Mama yule alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Wasukuma wana majina ya udongo wao na kila jina ni onyo. Luseni ni kichanga cha miinuko, chepesi kulima, chepesi kukauka. Ibambasi ina tabaka gumu chini ambalo sururu huligonga na kurudi. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa hunasa kiatu na kukivua. Parachichi kwenye mbuga mizizi yake itaoza kwenye maji ya Machi, na itakayosalia itakatwa na nyufa za Septemba. Alimuuzia mpera na miche miwili ya mndimu ya kupanda nyumbani, kwenye mwinuko, na akamweleza bondeni aache migunga iliyojiotea. Alipoteza fedha siku ile. Nadhani alilinda kitu kikubwa zaidi, kwa kuwa mti uliokufa husimuliwa kijiji kizima, na jina la kitalu ulikotoka husimuliwa pamoja nao.

Ukanda huu una sababu ya kujua gharama ya kupanda mti usiostahili mahali. Miaka ya 1930, kituo cha utafiti wa mbung'o kilichokuwa Shinyanga chini ya Charles Swynnerton kilihimiza kufyekwa kwa vichaka ili mbung'o wakose makazi. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya 1974 ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulianza kwa vitalu vikubwa na miti mingi ya kigeni, na mingi ilikufa au haikupendwa. Mafanikio yalikuja pale mradi uliporudi kwenye desturi ya wenyeji ya ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi na visiki vikachipua vyenyewe, kisha likafunguliwa kiangazi kikali kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Aliyevunja zuio alijibu mbele ya dagashida, baraza la jadi. Mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia 2004, zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Ngitili na kitalu ni ndugu. Vyote vinasimama juu ya mtu aliyekubali kunyima leo kwa ajili ya mwezi wa Septemba: mmoja anainyima mifugo yake majani mabichi yanayoonekana kwa macho, mwingine anaunyima mche maji aliyonayo mkononi. Siku hizi maji yenyewe yapo kuliko zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, maji ya Ziwa Victoria yanasukumwa kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama kupitia KASHWASA, na bomba limeongeza maua kwenye nyua nyingi. Lakini bili ya maji huja kila mwezi, na mti usiozoea kiu huwa mzigo kwa mwenye nyumba.

Ustadi huu humfuata mteja hadi nyumbani, kama atauheshimu. Shimo la mwembe, sentimita 60 kwa 60, huchimbwa Septemba au Oktoba ardhi ikiwa ngumu, udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu huchanganywa na debe moja la samadi iliyooza na kurudishwa. Halafu unangoja. Mvua ya kwanza haipandiwi. Inalowesha vumbi tu. Unapanda pale ukichimbua na kukuta unyevu umeshuka zaidi ya kiwiko. Kiriba huchanwa na kuondolewa, kiungo cha kubebesha hubaki juu ya ardhi, kisahani cha udongo huzunguka shina, majivu hutawanywa pembeni kwa ajili ya mchwa, na miiba husimikwa kwa ajili ya mbuzi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili, na hotuba zake ni nzuri. Ila huku kwetu mche uliopandwa Aprili hubaki na wiki chache tu za mvua, kwa hiyo wenye uzoefu siku hiyo hupalilia miche waliyoipanda Desemba.

Agosti iliyopita nilipita kitaluni. Viriba vilikuwa vitupu nusu, hakukuwa na mteja, na ningedhani ni msimu wake wa kupumzika. Kumbe alikuwa kazini. Kila mtu wa Kolandoto aliyepita njiani, akienda hospitali au akirudi gulioni, alisimamishwa kwa salamu na swali moja: "Imebaki mingapi?" Baba wa ile familia ya jirani akajibu tisa kati ya kumi na moja. Mwenye kitalu akataka kujua ni ipi iliyokufa, ilikuwa upande gani wa nyumba, ilikufa kwa kunyauka kutoka juu au kwa kuoza kutoka chini. Alipoambiwa kutoka juu, alitulia kidogo, kisha akasema mwaka huu chanja ataifungua wiki moja mapema. Kwake Novemba ni mwezi wa kuuza tu. Kazi yake huipima Agosti, kwa hesabu ya miti iliyosimama kwenye nyua za watu, na bei ya mche mfupi wenye shina la rangi ya udongo imewekwa kwa hesabu hiyo.